Uhandisi wa Mlimani: Akili na Mkono

Utamaduni wa taifa hauishii katika ngoma, mashairi na mavazi. Jinsi watu wanavyofua chuma, wanavyoongoza maji na wanavyosimamisha nyumba zao ni utamaduni vilevile. Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo. Wachaga walichimba mifereji ya kuteremsha maji ya Kilimanjaro hadi kwenye vihamba vyao. Uhandisi, basi, haukuletwa kwetu kwa meli. Kilichokosekana ni chuo cha kuukuza.

Ukoloni haukutuachia chuo hicho. Mwalimu Nyerere aliwahi kueleza kwamba tulipopata Uhuru tulikuwa na wahandisi wawili tu. Chuo Kikuu chetu kilipofunguliwa mwezi Oktoba 1961, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja, nacho ni cha Sheria. Hata enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kuanzia 1963 hadi 1970, vijana wetu waliotaka kusomea uhandisi iliwabidi waende Nairobi au ng'ambo.

Ndipo mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilipoanzishwa Mlimani, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Kilizaliwa katika zama za kazi nzito. Reli ya Uhuru, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikuwa ikitandazwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Bwawa la umeme la Kidatu nalo lilikuwa likijengwa. Kazi hizo zilitegemea mno wataalamu wa kigeni. Wageni watakapoondoka, nani atakayezitunza?

Kitivo kilijibu swali hilo kwa namna ya kufundisha. Wanafunzi wa ujenzi, umeme na mitambo hawakuachwa na vitabu peke yake. Wakati wa likizo ndefu walipelekwa karakanani, viwandani na kwenye maeneo ya ujenzi, wakashika msumeno na tupa, wakapakwa grisi. Baadaye iliundwa hapohapo taasisi ya kubuni zana na mashine za uzalishaji. Katika miaka ya 2000 taasisi hiyo iliunganishwa na kitivo, na leo twaijua Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Wahitimu wake wamesimamia barabara, madaraja, mitambo ya maji na ya umeme nchini kote. Hayo ni mafanikio makubwa, nasi twajivunia.

Hata hivyo, pengo moja halijazibwa. Mhandisi angali anafundishwa kwa Kiingereza, ilhali fundi atakayeitekeleza michoro yake husema Kiswahili. Fundi huyo si bubu: ana timazi na pimamaji, ana zege, nondo na mwiko, na kila kimoja kina jina na kanuni yake. Lakini hesabu inayoeleza kwa nini nondo hukaa upande huu wa boriti na si ule, humfikia kama amri tu. Amri isiyoeleweka hukosewa, na kosa la ujenzi hulipwa kwa roho za watu.

Tuliwezesha akili na mkono kukutana karakanani. Sasa yatupasa tuvikutanishe katika lugha, ili elimu ya Mlimani iteremke kama maji ya mfereji, imfikie kila mwenye shamba.