Besi katika Nchi ya Usukuma: kutoka Uwanja wa Ngoma hadi Sebule ya Bariadi

Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi na ambao ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ni mchanga kwa umri wa kiserikali, walakini watu wake, ambao wengi wao ni Wasukuma, wameishi na sauti nzito ya ngoma tangu zama za kale. Na mtu atakaye kujua kama programu za kusawazisha sauti ya chumba, ambazo siku hizi huambatana na mitambo ya muziki, zaleta tafauti isikikayo katika besi ya sabufa mbili au zaidi, hana budi kwanza afahamu jinsi sauti hiyo ilivyohama uwanjani ikaingia baina ya kuta nne.

Bugobogobo, ngoma ya majembe, asili yake ilikuwa kazi. Wakulima waliokusanyika shambani walipigiwa ngoma kubwa na ndogo ili jembe la huyu lishuke pamoja na jembe la yule, na mpigaji alisimama juani, katika mbuga iliyo wazi, bila ukuta wala dari. Hapo sauti nzito haikuwa na mushkili, kwa sababu mawimbi yake yalikwenda zake wala hayakurejea, na aliyekaa kushoto alipata kishindo kilekile alichopata wa kulia, kikitafautiana kwa umbali tu. Hata katika viwanja vya Nyakabindi, ambako maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika mara tatu mfululizo, kuanzia 2018 hadi 2020, fundi wa mitambo hupambana na upepo, na umbali, na namna maspika yake yanavyopishana, lakini kuta hazimo katika hesabu yake.

Nyumba ya kale ilikuwa msonge wa fito na udongo, ulioezekwa kwa nyasi. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, iliyowatoa watu wa Shinyanga, na upande huu ulio Simiyu sasa ukiwemo, katika kaya zilizotawanyika ikawapanga kwa mistari. Na kadiri miaka ilivyopita nyumba ya pembe nne, yenye kuta za tofali na paa la bati, ikawa ndiyo nyumba ya mtu anayejiweza. Mwaka huohuo wa 1974, huko Marekani, filamu iitwayo Earthquake ilionyeshwa kwa mitambo ya Sensurround, ambayo masanduku yake makubwa yalitetemesha viti vya sinema kwa sauti za chini mno. Lakini katika vijiji vyetu chombo cha muziki kilikuwa redio ya betri, na spika yake ndogo haikuweza kuitoa besi ya chini hata pale ilipokuwamo katika muziki uliorushwa. Chumba cha pembe nne kilikuwapo tayari. Sauti ya kukitia mashakani ndiyo iliyokuwa haijafika. Ilifika na sabufa, baada ya umeme kusambaa, hususan tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, na leo sabufa ni samani ya sebuleni sawa na kabati la vyombo.

Ilm ya jambo hili si mpya. Lord Rayleigh wa Uingereza alieleza mitetemo ya hewa ndani ya chumba katika kitabu chake cha nadharia ya sauti, kilichotoka kwa juzuu mbili, 1877 na 1878. Katika joto la kwetu sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la mitetemo 43 kwa sekunde lina urefu wa mita 8, na nusu yake, mita 4, ni upana wa sebule ya kawaida. Wimbi la namna hiyo, likigonga ukuta na kurudi likakutana na nafsi yake, hujijenga karibu na kuta na kujifuta katikati, hata mgeni aliyeegemea ukuta akasikia besi inayonguruma na kukawia, ilhali mwenyeji aliyekaa katikati haisikii noti hiyo kabisa. Urefu wa mita 5 nao una wimbi lake, la mitetemo 34 na nusu, na kimo kina lake. Kuta za tofali huyahifadhi mawimbi haya. Bati jembamba huyaachilia kwa wingi zaidi, ingawa nalo huweza kutikisika likatia kelele zake.

Hapo ndipo sabufa ya pili inapopata sababu ya kuwapo, na sababu hiyo si kuongeza nguvu. Todd Welti wa kampuni ya Harman aliwasilisha mwaka 2002 utafiti wake kuhusu idadi ya sabufa zinazotosha katika chumba cha pembe nne, akaonyesha kwamba mbili zikiwekwa katikati ya kuta zinazotazamana hupunguza sana tafauti baina ya kiti na kiti, na kwamba zaidi ya nne faida ni haba. Maelezo yake ni mepesi: wimbi la kwanza baina ya kuta hizo mbili husukumwa pande zote mbili kwa nguvu zinazopingana, likafutika, na wimbi la kwanza la upande mwingine haliamki, kwa kuwa sabufa zimekaa mahali ambapo wimbi hilo halina shinikizo. Katika vibanda umiza, ambako vijana hutazama mpira, aghalabu masanduku yote hurundikwa mbele chini ya televisheni, na faida hiyo yote hupotea bila mtu kuijua.

Ama programu, kazi yake ni kusikiliza kwa kipaza sauti katika viti kadhaa, kisha kuchelewesha sabufa hii, kupunguza ile, na kuchuja vilima vya sauti. Dirac ya Uppsala, Sweden, na Audyssey ya Marekani ndizo zijulikanazo zaidi, na REW ya John Mulcahy hupatikana bure, ingawa hiyo kimsingi ni ya kupima. Kilima cha besi kikishushwa kwa usahihi, hata ule mngurumo unaokawia hufupika, kwa sababu katika sauti za chini hayo mawili ni jambo moja. Walakini bonde lililochimbwa na mawimbi yanayofutana halijazwi kwa amri ya programu: ukiongeza nguvu, wimbi lijalo na wimbi lirudilo yote mawili huongezeka, yakaendelea kufutana, na jasho ni la kipaza nguvu na la koni ya spika.

Je, sikio husikia? Nasema naam, na hoja yangu ya kwanza ni sikio lenyewe. Tangu Fletcher na Munson walipochapisha vipimo vyao mwaka 1933 imejulikana kwamba usikivu wetu kwa sauti za chini ni hafifu, lakini pindi zikishasikika, nyongeza ndogo huhisiwa kuwa kubwa. Karibu na mitetemo 30, desibeli 6 hivi huonekana kama 10 za sauti ya kati. Kilima cha desibeli 10, ambacho si nadra katika chumba cha tofali, ni kelele dhahiri, na kukiondoa hakuhitaji sikio la bingwa.

Lakini sina imani na kila programu. Mwaka 2009 Sean Olive na wenzake wa Harman waliwapa wasikilizaji wanane waliofundishwa mifumo kadhaa ya kusahihisha chumba, pamoja na hali ya kutosahihisha chochote, bila kuwaambia kipi ni kipi. Baadhi ya mifumo ilipata alama nzuri, na mingine ilishindwa hata na ile hali ya kuacha chumba kama kilivyo. Natija hii inanirejesha kwa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo mapokeo huvihusisha na Ngika na Gumha wa karne ya 19. Baada ya mavuno makundi yao hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa yule aliyevuta umati mkubwa upande wake. Hakuna hukumu iliyo wazi kuliko hiyo, na bado kila upande umeshuku siku zote kwamba mwenzake ametumia dawa ya kuvuta watu, kwamba miguu ilikwenda kwa jambo lisilo ngoma wala sauti ya manju. Bei ya mtambo, na picha ya mstari ulionyooka kwenye kioo cha kompyuta, ni dawa ya jinsi hiyo, nayo humfanya mwenye mtambo asikie alichokilipia. Olive alifanya lililo bora: aliificha dawa, akabakiza sauti peke yake.

Mwenye sebule Bariadi aweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama ndogo. Aziweke kwanza sabufa zake mbili katikati ya kuta zinazotazamana, kwa kuwa kuzihamisha hakuna malipo; kisha apime, asahihishe vilima tu chini ya mitetemo 200 hivi, na asiguse mabonde. Halafu mtu mwingine awashe na kuzima masahihisho bila kumwambia, kiwango cha sauti kikiwa kimesawazishwa pande zote mbili, maana kinacholia kwa nguvu zaidi hupendwa hata kikiwa kibaya. Naye akae kwanza kwenye kiti chake, kisha ahamie kwenye kiti cha wageni kilicho ukutani, kwani huko ndiko kazi ya sabufa ya pili inakojulikana.