Binti za Selofehadi na Haki ya Urithi

Selofehadi wa kabila la Manase alifia jangwani bila mtoto wa kiume, na mbari yake isingesikika tena kama si binti zake watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, ambao Biblia inawataja wote kwa majina mara nne katika vitabu vya Hesabu na Yoshua. Katika nchi tambarare za Moabu, Waisraeli walipokuwa wamehesabiwa ili wagawiwe nchi ya Kanaani, wanawake hao walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakadai fungu lao. Walijenga hoja yao kwa uangalifu mkubwa: baba yao hakuwamo katika uasi wa Kora dhidi ya Musa, hivyo hapakuwa na kosa la kumpotezea haki, wala jina lake halikustahili kufutwa kwa sababu tu hakuzaa mwana. Musa alilipeleka shauri kwa Mungu, akajibiwa kwamba wamenena haki, na hapo ikawekwa amri kwa Israeli yote, kwamba asiye na mwana arithiwe na binti, na asiye na binti arithiwe na ndugu zake.

Haki hiyo ilikuwa na mipaka, kwa maana binti alirithi pale tu alipokosa kaka, na baada ya wakuu wa ukoo wa Gileadi kulalamika kwamba ardhi ingehamia kabila jingine kwa njia ya ndoa, iliamriwa warithi hao waolewe ndani ya kabila la baba yao. Nao wakaolewa na wana wa baba zao wadogo na wakubwa. Kitabu cha Ayubu kinauvuka mpaka huo, kwani binti zake watatu wanapewa urithi pamoja na kaka zao.

Vigae vilivyochimbuliwa Samaria mwaka 1910, vyenye hesabu za divai na mafuta zilizoandikwa kwa wino katika karne ya 8 K.K., vinataja Noa na Hogla kama majina ya sehemu za nchi. Waliodai ardhi ili jina la baba lisipotee ndio ambao majina yao yalishika ardhi.

Katika Kanisa, Mtakatifu Augustino aliilaani sheria ya Kirumi ya Voconia, ya mwaka 169 K.K., iliyokataza mwanamke kuandikwa mrithi katika wosia hata akiwa binti wa pekee, akisema hajui dhuluma inayoizidi. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulifundisha katika hati ya Gaudium et Spes kwamba ubaguzi wa kijinsia katika haki za msingi ni kinyume cha mpango wa Mungu. Ukoo wa Kikatoliki unaomnyima binti fungu lake kwa sababu ana kaka hauwezi, basi, kujikinga kwa kitabu cha Hesabu.