Karani wa Langham na kaburi la Kageye

Hoteli ya Langham ilifunguliwa jijini London mwaka 1865, na leo ni vigumu kuitaja bila kutaja mizuka yake. Chumba namba 333 ndicho chenye sifa mbaya zaidi. Mwaka 1973, jengo likiwa mikononi mwa BBC, mtangazaji James Alexander Gordon alilala humo, akasimulia kwamba alizinduliwa usiku na duara la mwanga lililojigeuza polepole kuwa mwanamume aliyevaa nguo za jioni za karne ya 19, miguu yake ikiwa imekatika chini. Mwaka 2014 ikawa zamu ya wachezaji kriketi wa England. Stuart Broad alihama chumba, akieleza kwamba bomba la bafuni lilikuwa likijifungua lenyewe. Orodha ni ndefu: mwana wa mfalme wa Kijerumani aliyejirusha dirishani, daktari aliyemuua mkewe, na hata Napoleon III.

Karani mmoja wa hoteli hiyo hatajwi kwenye orodha. Jina lake ni Frederick Barker, na amezikwa kwetu, ukingoni mwa Ziwa Viktoria.

Mwaka 1874 ilivuma habari London kwamba mpelelezi Henry Morton Stanley anarudi Afrika. Stanley mwenyewe aliandika kwamba alipokea barua zaidi ya 1,200 za watu walioomba kufuatana naye. Kati ya Waingereza wote aliwachukua vijana watatu: ndugu wawili, Frank na Edward Pocock, wana wa mvuvi wa Kent, na Barker, ambaye aliacha kaunta ya Langham baada ya kubembeleza sana. Mtu aliyezoea kupokea wageni wa kitajiri na mizigo yao akajikuta Bagamoyo, akihesabu wapagazi. Mimi humwonea huruma zaidi ya wenzake: wana wa mvuvi angalau walijua chombo na maji.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Mashua ya Stanley, Lady Alice, ilibebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Njaa, homa na vita njiani viliupunguza msafara. Edward Pocock alifariki Januari 1875, kabla ya kuliona ziwa. Tarehe 27 Februari waliosalia walifika Kageye, kijiji cha Wasukuma kwenye Ghuba ya Speke, kaskazini-mashariki mwa mji wa Mwanza wa leo. Mtemi wa pale aliitwa Kaduma. Jirani yake alikuwa mfanyabiashara Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi la kufanyia biashara ziwani.

Machi 8 vipande vya Lady Alice vilishaunganishwa, na Stanley akatweka tanga kulizunguka ziwa na mabaharia wachache. Frank na Barker waliachwa Kageye kulinda watu na mali. Stanley aliporudi, tarehe 6 Mei, aliwatafuta kwa macho vijana wake wawili pale pwani, akamwona Frank peke yake. Alipouliza aliko mwenzake, Frank alimwonyesha tuta la udongo karibu na pale mashua zinapotia nanga. Barker alikuwa amefariki siku 12 kabla. Ilikuwa homa ya ghafla, iliyoanza kwa baridi kali, na ikamaliza kazi yake upesi. Frank aliyemzika naye hakufika kwao: alizama katika mto Kongo Juni 1877.

Kageye haikukosa wazungu wengine wa kuzika. Mei 1877 alifia hapo Dk. John Smith, daktari wa wamisionari wa shirika la CMS (Church Missionary Society). Desemba mwaka huohuo wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi uliomhusisha Songoro, naye akafa nao.

Kwa desturi za London, pwani ya namna hiyo ingekuwa imejaa mizuka. Lakini ukikaa na wazee wa Kisukuma, iwe kijijini Kayenzi au hapa mjini Mwanza, mtaa wa Mirongo, ukawauliza juu ya wafu wanaorudi, utakuta mazungumzo yanakwenda kwenye ukoo. Masamva, yaani mizimu ya wahenga, hawamtokei mpita njia kumtisha tu. Wanamwendea mtu wao. Mtoto anaugua asipone, au ndoto ya babu inajirudia. Familia inakwenda kwa mfumu, yaani mganga wa jadi, naye anapasua kifaranga na kusoma ndani yake ni nani anayedai na anadai nini. Hapo ndipo kinajengwa kibanda kidogo cha nyasi uani, kimo chake hakizidi goti, pombe ya mtama inamwagwa, na pengine ng'ombe anatengwa na kupewa jina la marehemu. Kila mtu uani anajua ni ng'ombe wa nani.

Barker hakuacha mtoto Usukumani. Hakuna ambaye angeweza kuugua kwa ajili yake, wala ua wa kumjengea kibanda. Kwa mantiki hiyo kaburi lake lina kila sababu ya kuwa kimya, wala si kwa kuwa watu wa pale ni wagumu wa kuamini.

Ugeni peke yake hata hivyo hautoshi kumfanya maiti asahaulike. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, na mamia ya abiria wakafa. Idadi iliyotajwa sana ni zaidi ya 800, katika meli iliyoruhusiwa kubeba watu 430. Wengi walitoka ng'ambo, Kagera. Miili ambayo haikutambuliwa ilizikwa Igoma, nje kidogo ya mji. Kila inapofika tarehe hiyo ndugu hufika Igoma, na wale ambao hawakupata mwili wa kuzika huswali na kusali pamoja na wenye makaburi, kwa kuwa huenda wao pia wana mtu wao pale.