Miche miwili ya bangi: ruksa Canberra, kosa Sydney

Kutoka Sydney hadi Canberra, mji mkuu wa Australia, ni mwendo wa kilomita 280 hivi, yapata saa 3 kwa gari. Mtu mzima anayeishi Canberra anaruhusiwa kupanda miche miwili ya bangi nyuma ya nyumba yake. Mwenzake wa Sydney akiotesha hata mche mmoja anatenda kosa la jinai, na mahakama ya hakimu inaweza kumfunga kwa muda usiozidi miaka 2.

Wakati huohuo, jirani yake aliyeandikiwa na daktari hununua maua ya mmea huohuo katika duka la dawa, tena sehemu kubwa ya maua hayo huagizwa kutoka Canada. Mmea ni mmoja, ila mmoja huitwa mgonjwa na mwingine mhalifu.

Mbegu za kamba, jina la wazimu

Bangi si mgeni katika Australia. Ilitia nanga pamoja na walowezi wa kwanza kutoka Uingereza mwaka 1788, pale mwanasayansi Sir Joseph Banks alipohakikisha mbegu zake zimo katika shehena. Lengo lilikuwa biashara, maana nyuzi za mmea huo zilitengenezewa kamba na matanga ya merikebu.

Jina baya lilikuja baadaye, na kwa kiasi fulani lilitokana na magazeti. Mwaka 1938 gazeti la Smith's Weekly, lililochapishwa Sydney, liliwaonya wasomaji juu ya dawa mpya inayowatia watu wazimu. Wakati huo Waaustralia wachache mno walikuwa wameiona dawa yenyewe. Mwaka 1964 ndipo ilipobainika kuwa bangi imejiotea yenyewe katika mamia ya hekta za bonde la mto Hunter, kaskazini ya Sydney, na vijana wakaanza kuifuata huko kwa magari.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa. Neno letu bangi lilivuka Bahari ya Hindi likitokea India, na hadi leo mtu akisema jambo lisiloeleweka huulizwa kama amevuta. Tusi hilo halihitaji ushahidi wowote.

Kivuli cha Griffith

Ikiwa mvutaji alionekana mwendawazimu, mkulima alionekana jambazi, na katika jimbo la New South Wales, ambalo Sydney ndiyo makao yake makuu, hofu hiyo ilikuwa na sababu. Julai 1977 mfanyabiashara wa samani Donald Mackay, aliyekuwa akipinga mashamba makubwa ya bangi katika mji wa Griffith, alitoweka. Mwili wake haujapatikana hadi leo. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Woodward ilieleza jinsi magenge ya kihalifu yalivyoyaendesha mashamba hayo.

Wapo pia wakulima wa namna nyingine kabisa. Kaskazini ya jimbo, katika kijiji cha Nimbin, vijana waliohudhuria tamasha la Aquarius la mwaka 1973 walibaki na kuanzisha maisha ya ushirika. Baadhi yao walilima bangi kama wengine wanavyolima nyanya: miche michache kwa mkono, mbegu ikiwekwa ardhini majira ya kuchipua, mwezi Septemba au Oktoba, na mavuno yakija Machi au Aprili. Miche dume hung'olewa ili ile ya kike isizae mbegu, kisha maua hukaushwa taratibu gizani. Ni kazi ya subira. Tangu 1993 kijiji hicho hufanya kila mwaka sherehe na maandamano yaitwayo MardiGrass kudai sheria ibadilishwe.

Mbele ya sheria, hata hivyo, mkulima wa Nimbin na jambazi wa Griffith walitajwa kwa jina moja.

Nyumba ya askari

Aliyeupasua ukuta huo wa unyanyapaa hakuwa mkulima wala mwanaharakati wa Nimbin. Alikuwa kijana mgonjwa, Dan Haslam wa Tamworth, aliyeugua saratani ya utumbo. Matibabu yalimletea kichefuchefu kisichodhibitika kwa dawa za kawaida, na bangi ikampa nafuu. Mama yake, Lucy, alikuwa muuguzi. Baba yake alikuwa ametumikia polisi katika kikosi cha kupambana na dawa za kulevya.

Familia kama hiyo haikuweza kupuuzwa kwa neno wahuni. Lucy Haslam alizungumza hadharani, na mwishoni mwa 2014 serikali ya jimbo ikaweka utaratibu wa kutowashitaki wagonjwa walio katika hatua za mwisho za maisha. Dan alifariki dunia tarehe 24 Februari 2015. Mwaka mmoja baadaye, siku ileile, Bunge la Australia lilipitisha sheria iliyoruhusu bangi kulimwa kwa ajili ya tiba.

Mwaka huohuo wa 2015 Chuo Kikuu cha Sydney kilipokea dola milioni 33.7 za Australia kutoka kwa Barry na Joy Lambert, ambao mjukuu wao aliugua aina kali ya kifafa. Fedha hizo zilianzisha kituo cha utafiti wa tiba zitokanazo na bangi.

Leseni ambayo mdogo haifikii

Sheria ya 2016 iliandikwa kwa ajili ya makampuni. Mwombaji wa leseni hupekuliwa, hutakiwa kuwa na ulinzi mkali wa shamba, na huhesabu kila kinachotoka. Mwenye miche mitano uani hana nafasi hapo, hata kama anajitibu mwenyewe.

Canberra ilichagua njia nyingine. Kwa sheria iliyopitishwa Septemba 2019 na kuanza kutumika tarehe 31 Januari 2020, mtu mzima anaruhusiwa miche miwili, na nyumba isizidi minne. Anaweza kumiliki gramu 50 za bangi kavu. Taa za umeme haziruhusiwi, wala kuuza, wala hata kumpa rafiki. Sheria hiyo haikuhalalisha biashara ya mbegu, kwa hiyo mkulima halali hupaswa kuanza na mbegu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kumuuzia.

Onyo kwa huyu, mahakama kwa yule

Sydney nayo ina huruma yake, lakini yenye mipaka. Tangu mwaka 2000 polisi wa jimbo wanaweza kumpa onyo la maandishi mtu mzima aliyekutwa na bangi isiyozidi gramu 15 kwa matumizi yake, mara mbili tu maishani. Onyo hilo halimhusu anayepanda.

Nani hupewa onyo? Takwimu za jimbo zilizochapishwa mwaka 2020 na gazeti la Guardian zilionyesha kwamba kati ya 2013 na 2017 zaidi ya asilimia 82 ya Waaustralia wa asili waliokutwa na kiasi kidogo walipelekwa mahakamani. Kwa wengine ilikuwa karibu asilimia 52. Unyanyapaa, kwa maneno mengine, una rangi.

Jambo hilo linawagusa wahamiaji wa Afrika Mashariki wanaoishi magharibi ya Sydney. Kwa raia, hukumu ndogo ni aibu na faini. Asiye raia hutakiwa kuitaja anapoomba viza au uraia, na aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi anaweza kufutiwa viza na kurudishwa kwao.

Wenye vyeti vya daktari nao hawakusalimika. Polisi wa New South Wales walianza mwaka 2007 kupima mate ya madereva barabarani. Kipimo hutafuta chembe za dawa, hakipimi kama dereva amelewa, na mgonjwa aliyetumia dawa yake jana amekuwa akihatarisha leseni yake. David Heilpern, aliyekuwa hakimu katika mji wa Lismore, alijiuzulu mwaka 2020 na kuupinga utaratibu huo waziwazi.

Haya yote hayaifanyi bangi kuwa mchicha. Madaktari wanaonya kwamba huweza kuamsha maradhi ya akili, hasa kwa vijana, na takriban mtumiaji mmoja kati ya 10 hushindwa kuiacha. Kwa hao, aibu ni kizuizi cha kwanza mlangoni mwa kliniki. Utafiti ulioongozwa na Nicholas Lintzeris wa Sydney, uliochapishwa 2019, ulionyesha kwamba dawa ya kupulizia mdomoni iliyotengenezwa kwa bangi yenyewe, pamoja na ushauri nasaha, iliwasaidia kupunguza uvutaji.

Desemba 2024 serikali ya jimbo iliitisha mkutano mkuu kuhusu dawa za kulevya. Mapendekezo yake yaligusa suala la madereva wenye vyeti vya daktari. Ama kuhusu kuhalalisha, Waziri Mkuu wa jimbo, Chris Minns, alikwisha sema kwamba chama chake hakikuomba ridhaa ya wapiga kura kwa jambo hilo.