Farasi alipokuwa na kimo cha digidigi

Mwaka 1841 bingwa wa anatomia wa Uingereza, Richard Owen, alichapisha maelezo ya fuvu dogo lililokutwa kwenye udongo wa mfinyanzi huko Kent. Alitazama meno, akatazama na matundu makubwa ya macho, akaona kiumbe huyo amefanana na pimbi. Akambandika jina Hyracotherium leporinum, yaani mnyama wa kipimbi mwenye sura ya sungura. Farasi hakumpitia akilini.

Miaka ikapita, wenzake wakabaini kuwa vinyama vya aina ile vinahusiana na farasi, na Owen akawa kichekesho cha vitabuni: bwana mkubwa mzima kamwita babu wa farasi pimbi! Mimi namtetea. Mwaka 2002 mtafiti David Froehlich aliupanga upya ukoo huo kwa kulinganisha meno na mifupa, na yule mnyama wa Kent akaangukia nje ya farasi, kwa majirani zao waliokwisha toweka. Owen hakujua alichokishika, na waliomcheka nao hawakujua.

Mifupa ya kutegemewa zaidi ilikuwa Marekani. Mwaka 1876 Thomas Huxley, mtetezi mkuu wa Darwin, alivuka bahari kwenda kutoa mihadhara New York. Kichwani alikuwa na mfuatano wake wa farasi wa kale wa Ulaya, wamepangika vizuri. Akapitia kwanza Chuo cha Yale kwa mtafiti wa mifupa ya kale, Othniel Marsh, na kila swali alilouliza, Marsh aliagiza sanduku jingine la mifupa liletwe. Huxley alibadilisha mhadhara wake. Akatabiri pia kwamba atapatikana mnyama wa zamani zaidi mwenye vidole vingi zaidi, na haukupita muda Marsh akamtangaza Eohippus, farasi wa alfajiri: vidole vinne miguu ya mbele, vitatu ya nyuma.

Wa kale zaidi wanaofahamika vyema wametoka bonde la Bighorn, jimbo la Wyoming. Mmoja anaitwa Sifrhippus, na mwanzo wa jina hilo hauna ugeni kwetu: ni sifr ya Kiarabu, sifuri yetu ya darasani. Aliishi miaka milioni 56 iliyopita akiwa na kilo kama 5.6, sawa na digidigi. Kisha dunia ikaingiwa na joto kali, na ndani ya miaka 130,000 hivi akanywea hadi kilo 3.9, uzito wa paka wa nyumbani. Joto liliposhuka akapanda tena hadi kilo 7. Yote hayo watafiti waliyasoma kwenye meno, wakayachapisha mwaka 2012.

Hawa walikuwa wanyama wa msituni. Katika machimbo ya Messel, Ujerumani, wamekutwa farasi wadogo wa miaka milioni 47 iliyopita wakiwa bado na chakula tumboni: majani ya miti na mbegu za zabibu.

Kilichombadilisha farasi hasa ni nyasi. Aliyewahi kupita katikati ya shamba la miwa akiwa na mikono mitupu anajua jani la jamii ya nyasi linavyokata. Lina chembe za silika, na mnyama anayelitafuna kutwa, pamoja na vumbi la ardhini, anasaga meno yake mwenyewe. Mbuga zilipotanuka Amerika Kaskazini, wenye magego marefu kidogo waliishi zaidi na kuzaa zaidi. Kufikia farasi aitwaye Merychippus, miaka kama milioni 16 iliyopita, gego lilikuwa limerefuka sana. Farasi wa leo ana akiba ya jino ndani ya taya, nayo huchomoza polepole kadiri juu kunavyolika. Ndiyo maana mnunuzi mjanja humfunua farasi mdomo kabla ya kutoa fedha.

Na miguu? Farasi anasimama juu ya ukucha wa kidole cha kati. Kile tunachokiita goti la mguu wake wa mbele ni kifundo cha mkono, na chini yake, ubavuni mwa mfupa mkuu, vimebaki vijifupa viwili vyembamba, ushahidi wa vidole vilivyokwisha. Mara mojamoja huzaliwa farasi mwenye kidole cha ziada. Suetonius ameandika kwamba farasi wa Julius Caesar alikuwa na kwato zilizopasuka mfano wa vidole, na waaguzi wakaona ni dalili ya utawala wa dunia.

Picha za vitabuni huwapanga farasi kwa foleni, kutoka mdogo hadi mkubwa, kama watoto mstarini asubuhi. Foleni hiyo ni ya kubuni. Mtafiti George Gaylord Simpson aliipinga kwa nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1951, na mifupa iko upande wake. Aina nyingi ziliishi pamoja. Wengine walibaki na vidole vitatu mpaka mwisho wao, na mwingine, Nannippus, alibaki mdogo wakati jamaa zake wakinenepa. Ukoo huu ulikuwa kichaka. Sisi tumekuta tawi moja tu, jenasi ya Equus: farasi, punda na punda milia.

Tawi hilo nalo lilizaliwa Amerika, likavukia Asia kupitia kaskazini, kisha miaka kama 10,000 iliyopita likafa kwao. Hernán Cortés aliposhuka Mexico mwaka 1519 na farasi 16, alikuwa anawarudisha nyumbani bila kujua.

Afrika ilikuwa imekwisha pokea wageni wa mapema zaidi, Hipparion wenye vidole vitatu. Laetoli, Tanzania, ambako Mary Leakey na wenzake walifukua nyayo za watu wa kale za miaka milioni 3.66, wamo pia Hipparion, mkubwa na mtoto, wamepita kwenye majivu yaleyale ya volkano. Mwaka 1984 Elise Renders alizichunguza nyayo zao na kukuta walikuwa wakitembea haraka kwa mwendo ambao farasi wa Iceland wanasifika nao hadi leo. Hipparion hawakuacha mzao hata mmoja. Punda milia wanaolisha Ngorongoro, jirani na nyayo hizo, ni wa tawi la Equus, lililoingia Afrika zaidi ya miaka milioni moja baadaye.