Adhabu ya Kaburi na Kiti cha Barazani

Wazee wetu walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wakikusudia kwamba yako mateso ambayo mjuzi wake hana ulimi wa kuyasimulia, na mwenye ulimi hana ujuzi wake. Katika historia ya maradhi ya akili na ya uraibu, neno hilo lilikuwa kama kanuni ya serikali, kwani kila lilipoundwa baraza la kuwashauri watawala juu ya wagonjwa hao, viti viligawanywa baina ya matabibu, wanasheria na watu wenye jaha, ilhali mgonjwa mwenyewe alihesabiwa kuwa ni maiti asiyeulizwa. Hata hivyo wapo waliotoka kaburini humo wakiwa hai, wakasema. Na habari zao zastahili kuhifadhiwa.

Mwaka 1828 Bunge la Uingereza liliweka baraza la kukagua nyumba za wenda wazimu za London na viungani mwake, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo kijana wa ukoo mkubwa, Lord Ashley, ambaye baadaye alirithi cheo cha Earl wa Shaftesbury. Mwaka 1844 baraza hilo lilitoa taarifa ndefu juu ya hali ya nyumba hizo katika nchi yote ya England na Wales, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyoweka baraza la kudumu lenye wajumbe 11: matabibu 3 na wanasheria 3, kila mmoja akilipwa pauni 1,500 kwa mwaka, pamoja na watu 5 wasiolipwa, na Ashley akiwa mwenyekiti wao hadi alipofariki mwaka 1885. Tabibu mmoja na mwanasheria mmoja walifuatana kutoka mji hadi mji, wakiingia vyumbani, wakipekua madaftari ya waliopokewa na walioruhusiwa, na kuandika idadi ya waliofungwa mikanda. Haki isemwe: kazi hiyo ilikuwa njema, na wengi waliondolewa dhila kwayo.

Lakini katika mwaka huo huo wa 1845 kilianzishwa London chama cha kuwatetea watu waliodaiwa kuwa wenda wazimu, na mwaka uliofuata katibu wake akawa John Perceval. Huyu alikuwa mwana wa Spencer Perceval, Waziri Mkuu aliyepigwa risasi ndani ya jengo la Bunge tarehe 11 Mei 1812, na mtu aliyemwua, ambaye wakili wake alidai kwamba hakuwa na akili timamu, alinyongwa wiki moja tu baadaye. Mtoto aliyefiwa na baba kwa namna hiyo alipokuwa mtu mzima naye alishikwa na wazimu, akasikia sauti zikimwamrisha, na kuanzia mwaka 1831 hadi 1834 akafungiwa katika nyumba mbili za fahari, moja karibu na Bristol na nyingine Sussex, ambako alifungwa mikanda na kutumbukizwa katika maji baridi. Alipopona aliandika vitabu viwili, mwaka 1838 na 1840, na lililomchoma moyo kupita mikanda na maji ni kwamba hakuna aliyemwuliza neno wala kumweleza, kana kwamba alikuwa chombo cha nyumbani cha kuhamishwa huku na huku.

Kwa miaka mingi Perceval na wenzake walishindana na baraza lile. Wajumbe walitazama madaftari. Yeye, kwa kuwa alikuwa ameishi ndani, aliuliza juu ya barua: je, mgonjwa akiandika kulalamika, nani huifungua barua yake kwanza, na inafika? Mwaka 1859 alisimama mbele ya kamati ya Bunge na kujiita mwanasheria mkuu wa wenda wazimu wote wa Malkia, na mwaka 1862 sheria ikaagiza kwamba barua za wagonjwa kwa wajumbe wa baraza zipelekwe bila ya kufunguliwa. Huo ulikuwa ushindi, ila tutafakari mahali alipousemea. Alisimama mahali pa shahidi, na shahidi hujibu aulizwalo kisha akaenda zake. Mjumbe ndiye aulizaye, na ndiye abakiye chumbani hukumu inapokatwa. Perceval alifariki mwaka 1876 bila ya kuketi katika baraza lile.

Wanachuoni wa sharia ya Kiislamu walikwisha kubainisha tangu kale kwamba kalamu huinuliwa kwa mwenda wazimu hata azindukane, na akizindukana hurejea katika haki zake na faradhi zake. Serikali nyingi zilishika mwanzo wa hukumu hiyo na kughafilika na mwisho wake: aliyetiliwa shaka siku moja alitiliwa shaka maisha yake yote.

Huko Marekani mambo yalianza kugeuka katika karne ya 20. Harold Hughes, seneta wa Iowa aliyekuwa mlevi mkubwa kabla ya kuiacha pombe, ndiye aliyeipigania sheria ya mwaka 1970 iliyoweka taasisi ya taifa ya kuushughulikia ulevi, naye alipiga kura kama mjumbe, si kama shahidi. Kisha jimbo la California, kwa sheria ya mwaka 1991, likaamuru kwamba katika mabaraza ya ushauri ya kila kaunti nusu ya wajumbe wawe ni watu wanaotibiwa au waliopata kutibiwa maradhi ya akili, pamoja na jamaa zao, na wagonjwa wenyewe wasipungue 20 katika kila 100. Na mwaka 2024 wapiga kura wakaidhinisha mageuzi yaliyotia uraibu katika madaraka ya mabaraza hayo.

Nasi wa Afrika Mashariki tulirithi mfumo wa kale. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910, na sheria ya kwanza iliyotumika juu ya wagonjwa wake ilitoka India, nayo ni ya mwaka 1858, mtoto wa sheria za Uingereza. Kenya ilipounda Bodi ya Afya ya Akili kwa sheria ya mwaka 1989, viti vilitajwa kwa taaluma na idara: tabibu, muuguzi, elimu, ustawi wa jamii, mikoa; kiti cha aliyeugua hakikutajwa. Ilhali huko Zanzibar, tangu mwaka 2009, vijana waliojinasua na unga wameendesha soba hausi, yaani nyumba za kuachia unga, wakiwapokea wenzao wanaotetemeka kwa arosto na kukesha nao, kwa sababu usiku ule wanaujua.

Hao wamekwisha kurudi kutoka kaburini, na adhabu yake wanaijua. Basi orodha ya wajumbe iandikwapo, majina yao yaandikwe humo, wapate kuuliza juu ya barua.