Vitamini E: jina la uzazi lililotoka kwa panya

Ni mwaka wa 1922, huko California, Marekani, ndipo Herbert Evans na Katharine Bishop waliona panya waliolishwa chakula kisicho kamili wakishika mimba, lakini watoto wakafia tumboni. Walipoongezewa majani ya saladi, walizaa. Kilichowasaidia kikaitwa vitamini E, ama tokoferoli, kutoka neno la Kigiriki la kuzaa.

Mwaka wa 1978, Uingereza, Louise Brown akazaliwa, mtoto wa kwanza wa mimba iliyotungwa maabarani. Leo akina mama waliopita miaka 40 wanaotibiwa hivyo huuziwa vidonge vya vitamini hiyo, eti vinalinda mayai. Utafiti haujathibitisha kwamba vinaleta mtoto. Panya walikosa vitamini hiyo katika chakula. Mayai ya mama yamezeeka tu. Amuulize daktari kabla ya kutoa pesa, wala asilaumiwe.